Kila Mikroampea Iwe na Mwenyewe

Nilialikwa kuzungumza na wahandisi na wanafunzi wa elektroniki kuhusu saketi zinazotumia umeme kidogo katika mitandao ya vihisi visivyo na waya. Wengi hawakuweza kufika na wameomba maneno yenyewe, basi haya hapa kama yalivyosemwa. Grafu za ukutani nimeziacha, maana namba zake nilizitaja kwa mdomo.

Walimu wangu, wahandisi wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana nyuma wakati viti vya mbele viko wazi: hamjambo?

Niwaulize swali. Nodi ya kihisi, ile inayopima joto la stoo ya dawa, au unyevu wa udongo, au mtikisiko wa daraja, inafanya nini muda mwingi wa maisha yake? Inapima? Hapana. Inatuma? Hapana. Imelala.

Tuchukue mfano. Nodi inaamka kila baada ya dakika 10. Kihisi kinapima kwa milisekunde 20, redio inatuma kwa milisekunde 5, kisha kila kitu kinazimwa. Dakika 10 ni milisekunde 600,000. Maana yake nodi hii inafanya kazi sehemu moja katika kila sehemu 24,000 za maisha yake. Sehemu 23,999 zilizobaki imelala fofofo.

Sasa swali la pili, na hili liwaume kidogo. Sisi tunaozibuni, akili zetu tunazipeleka wapi? Kwenye ile sehemu moja! Tunashindana redio ya nani inatuma kwa miliampea chache, mikrokontrola ya nani, ile kompyuta ndogo ndani ya chipu inayoiongoza nodi, inapiga hesabu haraka. Usingizi tunauachia programu. Tunaandika amri moja ya kulala, tunakunja mikono, tunasema imelala.

Imelala kweli?

Betri ya CR2032, ile bapa ya mviringo, inabeba takriban miliampea-saa 220, yaani inaweza kutoa miliampea moja kwa saa 220. Mwaka una saa 8,760. Gawanya: unapata mikroampea 25, na mikroampea elfu moja ndiyo miliampea moja. Hiyo ndiyo posho yote ya nodi kwa mwaka mzima, usiku na mchana, redio, kihisi, saa na uvujaji. Mteja akitaka miaka 5, na wateja siku zote wanataka miaka 5, posho inashuka hadi mikroampea 5.

Turudi kwenye nodi yetu. Redio ikitumia miliampea 20 kwa zile milisekunde 5, ukizitandaza kwenye dakika 10 zote unapata wastani wa mikroampea 0.17. Kihisi cha miliampea 2 kwa milisekunde 20 ni mikroampea 0.07. Kazi yote ya maana haifiki robo ya mikroampea! Halafu mikrokontrola iliyolala, ikiwa na saa yake tu inayotembea, inatumia tuseme mikroampea 2. Usingizi umekula zaidi ya mara nane ya kazi. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na hao hawakuwahi kushika betri.

Kwa hiyo leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke. Kila mikroampea iwe na mwenyewe. Nodi ikiwa imelala, mbunifu aulizwe: mkondo huu unakwenda wapi? Akishindwa kukitaja kifaa kwa jina, pamoja na sababu yake ya kunywa, saketi hiyo haijaisha, hata kama inafanya kazi.

Ubunifu huu haukuanza na sisi. Ulianza na watengeneza saa.

Miaka ya 1960, huko Neuchâtel, Uswisi, viwanda vya saa vilikuwa na kituo chao cha pamoja cha utafiti wa elektroniki kilichoitwa CEH. Kazi waliyojipa ilikuwa saa ya mkononi inayoongozwa na kristali ya kwatzi. Mwaka 1967 wakawa na mfano unaofanya kazi, Beta 1. Desemba 1969 Seiko ya Japani ikaingiza sokoni Astron, saa ya mkononi ya kwatzi ya kwanza kuuzwa. Hebu fikirini ugumu wao. Betri ni ile inayoenea ndani ya saa ya mkononi, na saketi yenyewe hairuhusiwi kulala hata sekunde moja. Nodi yangu ikilala hakuna anayelalamika. Saa ikilala si saa tena. Hawakuwa na pa kujificha.

Katika mazingira hayo mhandisi Eric Vittoz, pamoja na mwenzake Jean Fellrath, walichapisha mwaka 1977 makala kuhusu saketi ambazo transista zake zinafanya kazi chini ya volteji ya kizingiti, ile ambayo transista ikiifikia huhesabiwa kuwa imewaka. Vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba transista ya MOS ikiwa chini ya kizingiti imezimika, basi. Wao wakasema haijazimika. Inapitisha mkondo mdogo sana, na mkondo huo una kanuni yake safi kabisa, unakua mara kumi kwa kila milivolti 60 hadi 100 unazoongeza kwenye geti, mlango wa kuiongoza transista. Kile ambacho wengine walikiita uvujaji, wao walikiandika kazini. Nauliza tena: mkondo ule ulikuwa na mwenyewe? Ulikuwa naye, tena mwenye cheo.

Njia hiyo haijafungwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Michigan kilionyesha Phoenix, prosesa ya vihisi inayolala kwa takriban pikowati 30. Pikowati, yaani wati moja ukiigawa kwa milioni, kisha kwa milioni tena! Na kristali ya saa za mkononi imo ndani ya nodi zetu hadi leo: hezi 32,768, ukizigawanya kwa mbili mara 15 unabaki na mpigo mmoja kwa sekunde.

Lakini mkondo ule una tabia moja mbaya, nayo ni kupenda joto. Kwa makadirio tunayoyatumia kazini, uvujaji wa chipu unaongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Mezani kwako kuna nyuzi 25. Ndani ya kiboksi cha plastiki kilichotundikwa juani kunaweza kufika 65. Hizo ni nyuzi 40, maradufu mara nne, yaani mara 16. Kama nusu mikroampea ya usingizi wako ni uvujaji, juani inakuwa mikroampea 8, na ile posho ya miaka 5 imekwisha kabla hata redio haijasema neno. Nani kati yetu anapima usingizi wa bodi yake ikiwa ya moto? Naona mnatazamana.

Sasa nitoke kwenye chipu nije kwenye bodi, maana huku ndiko wizi mkubwa unakofanyika, na ni wizi wa kizembe.

Regyuleta ya AMS1117, chipu ya kutuliza volteji, imezagaa kila mahali. Yenyewe peke yake, bila kumhudumia yeyote, inakunywa takriban miliampea 5. Betri yetu bapa inakwisha kwa saa 44. Ipo regyuleta kama MCP1700 inayofanya kazi hiyo hiyo kwa mikroampea 1.6. Taa ya LED ya kuonyesha kwamba umeme upo, ikinywa miliampea 2, inamaliza betri kwa siku nne na nusu hivi, na ndani ya kiboksi kilichofungwa inamulikia nani? Resista mbili za omu 100,000 ulizopanga ili usome volteji ya betri ya volti 3 zinapitisha mikroampea 15 milele, zaidi ya nusu ya posho ya mwaka mmoja, kwa ajili ya kipimo unachokihitaji labda mara moja kwa siku. Pini ya kuingizia ishara iliyoachwa inaelea inasimama katikati ya volteji, hapo transista zote mbili za mlangoni zinafunguka kwa pamoja na mkondo unapita moja kwa moja kutoka juu hadi chini.

Hayo yanaonekana kwenye mchoro. Yapo yasiyoonekana. Kuna binti mmoja, mhandisi kijana, aliniletea bodi yake. Kazi safi: regyuleta nzuri, hakuna taa, pini zote zimeshikwa. Kihisi cha unyevu alikiwekea transista ya kukikatia umeme kila baada ya kupima. Lakini bodi ikilala, mita inaonyesha mamia ya mikroampea.

Nikamwuliza, huu ni wa nani?

"Si wa kihisi, mwalimu. Kihisi nimekizima."

"Kihisi chenyewe kimekubali?"

Hakikukubali. Nyaya zake mbili za data zilikuwa na resista za omu 10,000 za kuzivuta juu, na ncha za juu za resista hizo alizifunga kwenye umeme mkuu, ule usiozimwa. Kihisi kikikatiwa umeme, laini yake inashuka hadi sifuri. Mkondo unateremka kupitia resista, unaingia kwenye pini za data, unavuka diodi za ulinzi zilizomo ndani ya chipu, na kukilisha kihisi kutoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Kwa volti 3, ukitoa kama volti 0.6 ya diodi, kila resista inapitisha mikroampea 240. Tiba ilikuwa kuzihamisha zile ncha za juu zikae kwenye laini ileile inayozimwa pamoja na kihisi, na programu izishushe pini za data hadi sifuri kabla ya kukata umeme. Bodi ikashuka hadi mikroampea mbili na kidogo. Naye aliondoka akiziangalia bodi zake nyingine kwa macho mabaya.

Msidhani mambo haya ni ya wanafunzi tu. Mwaka 2002, kwenye kisiwa cha Great Duck, pwani ya jimbo la Maine, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitandaza nodi 32 kufuatilia ndege wadogo wa baharini wanaotaga mayai kwenye mashimo ardhini. Ndege hao husumbuka mtu akikaribia, kwa hiyo nodi ilikuwa na faida kubwa: ukishaiweka, unaondoka. Lakini ilitakiwa iishi miezi 9 kwa betri mbili za AA. Wakahesabu betri zitatoa miliampea-saa 2,200, wakagawanya, wakapata takriban miliampea-saa 8 kwa siku, yaani wastani wa mikroampea 340. Kwa nodi za wakati ule posho hiyo ilikuwa ngumu.

Nodi hizo, zilizoitwa Mica, zilikuwa na saketi ya kupandisha volteji, ili betri zikichoka bado mikrokontrola ipate volteji inayotulia. Wazo zuri, ni kukamua betri hadi tone la mwisho. Kumbe saketi hiyo yenyewe ilikuwa inakunywa hata nodi ikiwa imelala. Wakaongeza diodi ya Schottky ili mkondo upite pembeni yake. Kifaa kilichowekwa ili betri idumu kilikuwa miongoni mwa vilivyokuwa vikiimaliza! Kila mikroampea iwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo aeleze anafanya kazi gani usiku.

Tuje kwenye redio. Nani hapa anaamini kwamba kutuma ndiko kunakokula umeme kuliko kusikiliza? Nyoosheni mikono, msiogope.

Mikono ni mingi. Chukueni karatasi ya data ya CC2420, redio iliyobeba utafiti mwingi wa fani hii kuanzia 2004. Kutuma kwa nguvu yake yote: miliampea 17.4. Kupokea: miliampea 18.8. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Kisa ni kwamba mpokeaji anawasha kila kitu, vikuza ishara vya mwanzo, vichanganyaji, vichujio na saketi ya kufasiri ishara, ili adake ishara dhaifu mno. Tena kusema kuna mwisho. Pakiti kubwa kabisa ya kiwango cha IEEE 802.15.4, kinachofuatwa na redio hiyo, ina baiti 127, na kwa kilobiti 250 kwa sekunde inakwisha kwa milisekunde 4 na kidogo. Kusikiliza hakuna mwisho, kwa sababu hujui utaitwa lini. Redio ile ikiachwa masikio wazi kwenye betri mbili za AA za miliampea-saa 2,500, siku ya sita haifiki jioni.

Watu wa Berkeley, Joseph Polastre, Jason Hill na David Culler, walitoa mwaka 2004 itifaki ya B-MAC. Mpokeaji haachi masikio wazi. Anachungulia mara moja kila baada ya muda fulani, tuseme mara moja kwa sekunde, kuona kama hewani kuna ishara. Hakuna? Analala. Mwenye ujumbe ndiye anayelazimika kutanguliza ishara ndefu kupita muda huo wote ili mwenzake atakapochungulia aikute. Je, umeme umepungua au umehamishwa? Umehamishwa, umetoka kwa msikilizaji ukaenda kwa msemaji. Kama nodi zako zinasema mara chache, umepata faida. Kama zinasema kila dakika, umejichimbia shimo.

LoRaWAN, mfumo wa mtandao wa redio za masafa marefu ziitwazo LoRa, umelitazama swali hilo na kujibu bila aibu. Nodi za daraja A hazisikilizi mpaka ziseme. Zikishasema, zinafungua masikio kwa muda mfupi baada ya sekunde 1, na tena baada ya sekunde 2, kisha zinafunga. Anayesikiliza usiku na mchana ni kituo, na kituo kimechomekwa ukutani. Hapo napenda. Kazi ya kusikiliza apewe asiyeishi kwa betri. Ila LoRa nayo ina mtego wake. Ukiwa mbali, kipimo cha utandazaji, yaani kiasi cha kurefusha kila alama hewani ili ifike mbali, kinapanda kutoka 7 kwenda 12, na kila hatua inaongeza karibu maradufu muda wa kukaa hewani. Kwa upana wa kilohezi 125, alama moja kwenye 7 inachukua milisekunde 1. Kwenye 12 inachukua karibu milisekunde 33. Antena iliyobanwa chini ya betri, ikapoteza nguvu, ndiyo inayokusukuma kutoka 7 kwenda 12. Kwa hiyo mnaponiuliza nianze wapi kupunguza umeme wa redio, mara nyingi jibu langu si la umeme: itoeni antena nje, iacheni ipumue.

Kuna njia ya tatu, nayo ni miadi. Nodi mbili zinakubaliana: tukutane kila baada ya saa moja. Hapo ile kristali ya saa za mkononi inarudi kudai chake. Kristali ya kawaida inakosea sehemu 20 katika milioni. Yako inawahi, yangu inachelewa, jumla 40. Kwa saa moja tunapishana milisekunde 144. Kwa hiyo mpokeaji inabidi aamke mapema kwa muda huo, redio ikiwa wazi, kusubiri pakiti inayodumu milisekunde 4. Kosa la saa limekuwa ghali zaidi ya mara 30 ya ujumbe wenyewe! Ukiutandaza mkondo ule wa kusubiri kwenye saa nzima unapata mikroampea 0.75. Nani mwenyewe? Si redio, ingawa mita itaiandikia redio. Mwenyewe ni kristali. Nodi zikizoea kuambiana zimepishana kiasi gani na kujisahihisha, au programu ikirekebisha kristali kulingana na joto, gharama hiyo inashuka bila kugusa redio.

Sasa nigeuze upande, kwa sababu baadhi yenu mmeanza kunielewa vibaya. Sikusema kila mikroampea iuawe. Nilisema iwe na mwenyewe.

Januari 2004, huko Laikipia nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Margaret Martonosi, waliwavisha punda milia kola zenye GPS, redio na paneli ndogo za jua. Mradi ukiitwa ZebraNet. Punda milia hawana mnara wa simu wala kituo cha kupokea data, kwa hiyo kola mbili zikikaribiana zilipeana kumbukumbu zao, ili mtafiti akimpata mnyama mmoja apate habari za wengi. Mengi yameandikwa juu ya ujanja ule wa kupeana data. Mimi kinachonivutia ni ile GPS.

Kwa nini GPS inakula sana? Si kwamba imebuniwa vibaya. Setilaiti inatuma taarifa zake kwa biti 50 tu kwa sekunde, na taarifa za mzingo wake zinajirudia kila sekunde 30. Mpokeaji asiyekumbuka kitu hana budi kukaa macho hadi azipokee. Huwezi kumharakisha, hata umnunulie mikrokontrola ya namna gani.

Basi tuseme moduli inatumia miliampea 30. Kwa sekunde 30 hizo imekula miliampea-saa 0.25. Ukitaka mahali ulipo kila saa, na kila mara unaizima kabisa, ni miliampea-saa 6 kwa siku. Sasa iachie moduli mikroampea 15 za kushikilia kumbukumbu ikiwa imelala. Kwa saa nzima hizo ni miliampea-saa 0.015, na ikiamka inajipata kwa sekunde chache tu kwa sababu taarifa za mzingo bado ni mbichi. Mikroampea 15 hizo, ambazo kwenye bodi ya yule binti ningezifukuza, hapa zina mwenyewe na zina haki.

Lakini subirini, badilisheni sharti moja. Sema unataka mahali ulipo mara moja tu kwa siku. Mikroampea 15 kwa saa 24 ni miliampea-saa 0.36. Kuanza upya kabisa kulikuwa 0.25. Na taarifa za mzingo zinachakaa baada ya saa chache, kwa hiyo ulichokuwa unakihifadhi usiku kucha kimeshaoza. Saketi ileile, moduli ileile, jibu limepinduka! Ndiyo maana nawakatalia wanaoniomba orodha ya vifaa bora vya umeme kidogo. Nitawapaje kabla sijajua nodi inaamka mara ngapi?

Betri nitaipitia kwa haraka, si kwa sababu ni ndogo, ila kwa sababu wengi tunaidhania ni namba. CR2032 iliyochoka inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 30 au zaidi. Redio ikivuta miliampea 20, volti 0.6 zinapotelea ndani ya betri yenyewe. Volteji inaporomoka, mikrokontrola inajizima, betri inapata nafuu, mikrokontrola inaamka upya, inawasha redio kutangaza kwamba imeamka, volteji inaporomoka tena. Nodi inakufa ikiwa na umeme uliobaki tumboni. Weka kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji kidogo, ya mikrofaradi 470 pembeni ya betri: mpigo wa miliampea 20 kwa milisekunde 5 unaishusha kama volti 0.2 tu, na betri inapata muda wa kuijaza polepole. Halafu? Halafu uulize hiyo kapasita nayo inavuja kiasi gani, maana za elektroliti hazina aibu.

Tena volteji haiamui uhai wa nodi tu, inaamua na ukweli wake. Mwaka 2004 watafiti walipanga nodi kwenye mti wa redwood wa karibu mita 70 huko Sonoma, California, kutoka kama mita 15 juu ya ardhi hadi karibu na kilele, wakapima joto, unyevu na mwanga kwa siku 44. Walipochambua data wakakuta joto la ajabu, namba zisizowezekana. Walipozilinganisha na volteji za betri, wakaona betri ikishuka chini ya volti 2.4 hivi, vipimo vinaharibika. Nodi haikunyamaza. Iliendelea kutuma, kwa uaminifu mkubwa, uongo. Bahati yao walikuwa wanatuma na volteji ya betri katika kila pakiti, ndiyo wakaweza kuchuja. Baiti mbili za ziada hewani! Hizo nazo ni umeme. Zina mwenyewe? Nadhani mmenijibu.

Nimalizie na kupima, maana nimesema mikroampea nusu saa nzima na huenda kuna aliyejiuliza tunaionaje.

Multimita ya kawaida inapima mkondo kwa kuupitisha kwenye resista ya ndani. Kwenye mkao wa mikroampea resista hiyo ni kubwa. Nodi ikilala inasoma vizuri, ikiamka na kuvuta miliampea 20, volteji yote inaishia ndani ya mita na nodi inazimika. Mtu anaona nodi inajizima kila mara, anailaumu programu wiki nzima. Ukihamia mkao wa miliampea, nodi inaishi, lakini usingizi wake unasomeka sifuri. Sifuri ya mita hiyo msiiamini. Vipo vyombo vinavyobadilisha mkao vyenyewe kwa kasi na kuchora mkondo wote, na kama chuo chenu kinacho, kakaeni nacho.

Kama hakipo, ipo njia ya kapasita. Ijaze kapasita ya mikrofaradi 1,000 hadi volteji ya kazi. Kwanza iache peke yake, uone inashuka kwa kasi gani. Huo ni uvujaji wake, uandike. Kisha ilishe nodi kwa kapasita hiyo, betri ikiwa imetolewa, nodi ikiwa imelala. Pima inachukua muda gani kushuka volti 0.1. Ikichukua sekunde 100, mkondo ni mikroampea 1. Ikichukua sekunde 2, una mikroampea 50 na una mgeni ndani ya nyumba. Usiiache mita imeunganishwa muda wote. Mita nayo ina ukinzani wa ndani, kwa kawaida omu milioni 10, na kwa volti 3 inakunywa mikroampea 0.3. Gusisha, soma, ondoa.

Na kabla ya yote osha bodi. Mabaki ya dawa ya kuchomelea yakichanganyika na unyevu yanakuwa resista. Njia ya omu milioni 3 kati ya volti 3 na sifuri ni mikroampea 1 kamili, na haimo kwenye mchoro wowote.

Nimekuja na kapasita, saa ya kuhesabia sekunde, na chupa ya spiriti. Najua wanne au watano wenu wana bodi mifukoni, nimewaona mkizishika tangu nilipotaja AMS1117. Nani anaanza? Leta hapa mbele, na ukija utuambie kwanza unatarajia mikroampea ngapi, kisha tupime.